Kofi la Milisekunde Kumi

Kofi liliponifika chaki ilikuwa bado mkononi mwangu na nilikuwa sijamaliza kuandika. Nilikuwa nimeelekea ubao, kwa hiyo mkono wenyewe sikuuona. Niliona ubao unanijia, paji la uso likagonga, halafu nikawa chini kando ya meza ya mwalimu, natazama soksi zake za kijivu. Darasa zima lilikuwa kimya, au mimi ndiye niliyekuwa nimezimwa, hilo sikulijua wakati ule. Midomo yake ilikuwa inakwenda. Kitu cha moto kilikuwa kinateremka shingoni upande wa kulia kinaingia kwenye kola ya shati la shule, nami nikafikiri nimejimwagia wino.

Aliyenipiga anaitwa Mwalimu Mdenye. Naandika jina lake mapema ili asije mtu akasema nazunguka. Aliyeificha habari ile anaitwa Mwalimu Ndikwege, mkuu wa shule wa wakati ule. Wa tatu ni marehemu baba yangu, Anselimu, na huyu nisingependa kumwandika, lakini nitamwandika.

Nisingeshika kalamu kama si picha. Rozina, niliyekaa naye dawati moja kidato cha kwanza hapa Ifakara, alinitumia picha ya kibao kwenye simu. Kibao kizuri, cheusi, herufi za rangi ya dhahabu: Maabara ya Mwalimu Mdenye. Wamejenga maabara mpya ya fizikia pale shuleni, na wanafunzi wa zamani wamekubaliana ipewe jina lake. Jumamosi atakuja mwenyewe kukata utepe. Tuvae vitenge vya sare. Nikamwandikia Rozina maneno matatu tu: Wewe si uliona. Hakuandika jibu, akapiga.

"Konsta, mwenzangu, yale ya zamani bado unayo?"

"Sikio ndilo sina. Mengine yote ninayo."

"Mzee wa watu amechoka. Ukimwona sasa hivi pale Viwanja Sitini anavyotembea na fimbo, utamhurumia."

"Mimi nilihurumiwa na nani?"

Namjua Rozina, tangu msichana alikuwa hivyo, hapendi watu wagombane wali ukiwa mezani. "Lilikuwa kofi moja tu, dada yangu," akasema. "Hata sekunde haikuisha."

Nikakata simu. Nikakaa pale jikoni naangalia sufuria inachemka hadi maji yakakauka. Hata sekunde haikuisha. Haya. Basi tuongee habari za sekunde, maana hizo sekunde ndizo zilizonipigisha.

Kwetu ni Mchombe. Waliokulia bondeni watanielewa, wengine niwaeleze: mpunga ukianza kuinamisha vichwa, kijiji kinahama. Nyumbani wanabaki wagonjwa na kuku. Sisi wengine wote tunakwenda kukaa shambani kwenye madungu, vibanda vya kulala vilivyoinuliwa juu ya miti, kuamia ndege, kuwafukuza wasile mpunga, mpaka siku ya kuvuna. Mimi nilikuwa dungu moja na Bibi Agata, mama yake baba. Harufu ya mahali pale mpaka leo ikinipitia puani nageuka: matope yanayoanza kukauka, mpunga mbichi, na moshi wa kuni ambazo hazijakauka vizuri. Bibi hakuwahi kuingia darasani hata siku moja. Lakini siku za kuvuna yeye ndiye aliyeshika kisado, kile kindoo cha kupimia, na majirani waliokuja kutuvunia walipimiwa sehemu yao na mkono wake, hakuna aliyewahi kusema Agata kanipunja.

Sasa kila mwaka, na ninaposema kila mwaka sichezi, alitokea mtu mzima mwenye ndevu zake akakataa kisado. Mwaka mmoja alikuwa Mjomba Pius. Alikuja na kopo lake mwenyewe, la lita, kalifunga kiunoni kwa kamba.

"Mama, mimi unipimie kwa hili."

"Kisado changu kina kutu?"

"Hakina. Ila mwenzangu jana kapata visado vitatu. Mimi nataka makopo kumi na mawili."

Wanawake waliokuwa wanapepeta wakaanza kuangaliana. Mmoja akasema, "Mpe, Mama, mpe makopo yake, asije akalia njiani." Bibi hakucheka. Alichota kwa kopo, anahesabu kwa sauti, moja, mbili, mpaka kumi na mbili, akamfungia. Mjomba Pius akaondoka anapiga mluzi, kamshinda mwenzake. Alipokwisha kupotea nyuma ya matete Bibi akamimina makopo manne ndani ya kisado nikaona kimejaa pomoni, wala punje haikumwagika.

"Umeona, Konsta? Chombo kikipungua, hesabu inapanda. Mpunga uko pale pale."

Na mimi nilikuwa na kazi yangu. Bibi akipima, mimi nilikaa pembeni nahesabu kimoyomoyo, akiruka namba nimwambie. "Bibi, umeruka saba." Alinipigapiga mgongoni akisema ahsante mama. Mara nyingine aliruka kwa makusudi aone kama nimelala. Hivyo ndivyo nilivyojua kumheshimu mkubwa: ukimwona anakosea, humwachi aaibike.

Mwaka niliomaliza la saba tulichaguliwa wawili tu kutoka shule yetu kwenda sekondari, na msichana nilikuwa peke yangu. Baba alinipeleka mwenyewe, sanduku langu la bati juu ya magunia ya mchele kwenye lori, na yeye amelishikilia kama ndilo linaloweza kukimbia. Njia nzima alikuwa anawaambia watu, "Huyu anakwenda kidato." Hakumalizia kidato cha ngapi.

Mwalimu Mdenye alikuwa kijana. Suruali ilipigwa pasi ikakata, alinukia sabuni ya kunyolea, akiingia mlangoni hata wale wavulana wa nyuma walikaa sawa. Nilimpenda, niseme ukweli, kwa namna mtoto anavyompenda mtu aliyemwonyesha kitu. Maana mimi nilijua sekunde ndiyo mwisho. Kama punje: ukishafika kwenye punje unapima nini tena? Yeye akachora mstari ubaoni akasema huu ni muda wa kutamka "moja" polepole. Ukiugawa mara elfu, kila kipande kinaitwa milisekunde. Chukua kipande hicho kimoja, kigawe tena mara elfu, hiyo mikrosekunde. Tena elfu, nanosekunde. Akaandika kumi, na juu ya kumi vile vinamba vidogo vinavyoitwa vipeo, hasi tatu, hasi sita, hasi tisa. Nilitazama vile vinamba nikahisi mtu kanifungulia ghala. Nilikuwa nikila ugali nagawa. Nikioga nagawa. Nilianza kuamini kwamba nanosekunde ziko kweli ndani ya sekunde, zimejipanga kama mpunga ndani ya kisado, na kwamba mtu mwenye sikio zuri akitulia sana anaweza kuzisikia zinapomiminika. Hilo sikumwambia mtu, hata Rozina.

Halafu akaja mkaguzi wa shule. Alikaa nyuma na faili lake mapajani, na Mwalimu Mdenye, ambaye siku nyingine alifundisha akiwa ameegemea dirisha, siku hiyo shati lilikuwa limemganda mgongoni. Akaandika swali: milisekunde moja ina nanosekunde ngapi? Akajibu mwenyewe. Akaandika kumi kipeo cha hasi sita, akageuka kutueleza. "Tunatoka kipimo kikubwa tunakwenda kipimo kidogo. Kwa hiyo na jibu linakuwa dogo. Mmeelewa?"

"Ndiyo Mwalimu," darasa likaitika, wote wakaandika.

Mimi sikuandika. Kumi kipeo cha hasi sita ni sehemu moja ya milioni. Yaani alikuwa anatuambia kisado hakijazi hata kopo moja. Hata Mjomba Pius asingekubali hiyo. Nilimwona amechoka, anaogopa mgeni, kaongeza kimstari kile cha hasi bila kujua. Nikanyoosha mkono haraka ili asiaibike.

"Mwalimu, nafikiri hasi imeingia kwa bahati mbaya. Chombo kikipungua, hesabu inapanda. Ni milioni moja."

Watu wakacheka kusikia chombo. Mkaguzi akainua kichwa. "Chombo gani, binti?"

Nikasimama, nikamweleza. Kisado ni makopo manne. Mpunga ni ule ule, lakini ukipima kwa kopo unahesabu mara nyingi zaidi. Na milisekunde moja ukiipima kwa nanosekunde ni vilevile, elfu mara elfu. Yule mzee akacheka mpaka akavua miwani. "Amepata, Mwalimu. Futa hasi yako."

Mwalimu Mdenye alifuta kimstari kwa kiganja. Akanitazama, akatabasamu. Nilikaa chini nimejaa furaha. Niliisoma ile tabasamu kama mkono wa Bibi mgongoni.

Gari la mkaguzi lilipoondoka, akarudi akafunga mlango. "Konstansia, njoo hapa. Andika jibu."

"Lipi, Mwalimu?"

"Nililofundisha mimi."

Sasa nimeelewa alichotaka. Mtoto wa miaka kumi na minne niliyelelewa na Agata sikuelewa. Nilifikiri ananipima kama Bibi alivyokuwa anaruka namba kwa makusudi, anataka aone kama nimelala. Nikachukua chaki, nikaandika kumi, juu yake sita, bila hasi. Nilikuwa naanza kuandika neno nanosekunde. Kilichofuata nimekwishakiandika.

Rozina ndiye aliyeniinua. Alinifuta damu kwa leso yake na mikono yake ilikuwa ya baridi, nakumbuka. Kisha nikaanza kusikia. Upande wa kulia, ndani kabisa, mlio mwembamba, wa juu sana, usiokatika. Na niwaambie kitu kinachoniuma kuliko kofi lenyewe: nilifurahi. Nilidhani ndizo. Nilidhani kofi limezibua sikio na sasa nazisikia nanosekunde zinapita. Siku nne nilikaa na siri hiyo bwenini, nimeinamisha kichwa upande mmoja nasikiliza, huku homa inapanda na usaha unalowanisha mto. Wenzangu waliniambia nanuka. Mimi nikawaona hawajui nilichonacho.

Siku ya tano Mwalimu Ndikwege aliniita ofisini. Hakuniuliza naumwa wapi. "Ulianguka bombani," akaniambia. "Uliteleza, ukagonga sikio kwenye saruji."

"Sikuteleza, shikamoo Mwalimu," nikajibu, maana nilikuwa nimesahau kuamkia. "Bomba lenyewe halitoi maji tangu Pasaka."

"Sijakuuliza habari za maji. Nakwambia utakachosema."

Baba akaitwa. Alikuja kavaa koti la kanisani, akakaa kwenye ncha ya kiti kama kiti ni cha mtu mwingine. Ndikwege, ambaye baba alimzidi umri, aliongea naye amesimama. Alisema binti yako ana mdomo, amemwaibisha mwalimu mbele ya mgeni wa serikali. Alisema hili la sikio ni ajali. Alisema mzazi mwenye busara atamchukua mtoto akatibiwe nyumbani, na mdogo wake mwakani akichaguliwa, tutamwangalia vizuri. Baba alinitazama. Nilisema, "Baba, alinipiga Mwalimu Mdenye, muulize Rozina." Baba akasema, "Nyamaza, Konsta. Wakubwa wanaongea." Kisha akaweka sahihi kwenye karatasi ya Ndikwege, polepole, ulimi umetokeza pembeni ya mdomo, alivyokuwa anaandika siku zote.

Hospitali walinitazama sikio kwa taa. Daktari alikuwa mpole. Alimwambia baba ngoma ya sikio imepasuka na uchafu umekwishaingia ndani, angenileta siku ile ile pengine yangekuwa mengine. Akauliza, "Nani alimpiga huyu?" Nikamsubiri baba. Pale hapakuwa na Ndikwege wala karatasi wala mgeni wa serikali. Palikuwa na sisi watatu. Baba akasema, "Aliteleza."

Hivyo ndivyo kidato changu kilivyokwisha. Mpunga wa mwaka ule ulipoanza kuinama nilikuwa nimerudi kwenye dungu. Na huko nikagundua nilichonyang'anywa, kwa sababu mtu mwenye sikio moja anasikia ndege lakini hajui wako upande gani. Kundi la kweleakwelea linapiga kelele nami natupa udongo mashariki, wao wanakula magharibi. Bibi aliniona mara ya kwanza akaendelea kutupa udongo wake. Mara ya pili akashuka dungu, akaja akasimama upande wangu wa kulia, na msimu mzima hakutoka hapo. Baba akipita njiani kutusalimia, Bibi alimwitikia mwanawe bila kumgeukia. Mdogo wangu hakuchaguliwa. Ule mlio haujakatika mpaka leo ninapoandika.

Baba alipofariki nilikuta ile karatasi kwenye kopo la vyeti vya ubatizo. Ninayo. Inasema mwanafunzi aliteleza bombani kwa uzembe wake, na kwamba mzazi ameomba mwenyewe kumwondoa shuleni. Kwa uzembe wake. Chini kuna sahihi mbili, ya Ndikwege na ya baba.

Sasa nirudi kwa Rozina na sekunde yake ambayo haikuisha. Nimeipiga hesabu hiyo nikipalilia, nikipepeta, nikinyonyesha watoto watano. Mkono wa mtu ukigusa sikio la mtoto unakaa muda gani? Sijui, sikuwa na saa. Tuseme milisekunde kumi. Kwa sekunde hiyo ni sehemu moja ya mia, kitu cha kupuuza, ndiyo maana mnapenda kulipima kofi langu kwa sekunde. Lipimeni kwa mikrosekunde, ni elfu kumi. Lipimeni kwa nanosekunde, ni milioni kumi. Kofi ni lile lile, halijaongezeka wala kupungua. Ila mtu anayetaka lionekane dogo anachagua kisado kikubwa, halafu anakuja kuniambia nisamehe, ni kimoja tu. Mimi nimelipima kwa kopo langu, na hakuna nanosekunde hata moja ndani ya zile milioni kumi ambayo mkono ule ulikuwa haujui unapiga nani.

Na hesabu hii nimeipata sawasawa. Mkaguzi wa serikali ndiye shahidi wangu kwamba naijua.

Ninyi mliokuwa darasani siku ile, mnaovaa sare Jumamosi, wengi wenu mna wajukuu. Mliandika hasi sita, mkafuta mlipoambiwa mfute, na mlipoulizwa na Ndikwege mkasema hamkuona. Mlikuwa watoto, siwadai zaidi ya kunyamaza Jumamosi mtakaponiona nasimama. Maana nakuja. Sivai kitenge chenu. Nitakuja na karatasi ya Ndikwege, naye nasikia bado anakaa benchi la mbele kanisani kila Jumapili, basi aje pia aisome kwa sauti, aeleze bomba lililokauka lilimtelezesha nani.

Na wewe Mwalimu Mdenye, shikamoo. Sitaki unipigie magoti, na sikio hulirudishi. Watakupa kipaza sauti kabla ya utepe. Wale watoto watakaosomea ndani ya jina lako watakuwa wamekaa mbele. Waambie ulimpiga Konstansia Anselimu, binti wa Mchombe, na uwaambie sababu. Usiseme mdomo, usiseme nidhamu. Sema nilimpiga kwa sababu alipata. Sema hivyo kwa mdomo wako, wao wasikie, ndipo wapigilie kibao chao.